UZI: Shingo imekaza. Ukandwe, usukumwe, uvutwe au ualishwe? Tulinganishe mikono

MikonoYaPwani (mwanzisha uzi)

Wadau assalam aleikum, na wengine wote hamjambo.

Watu wakishapata nafuu kitandani pangu huuliza swali lile lile: "Mbona mwenzangu alialishwa shingo ikalia kwaa, na mimi umenisukuma tu kwa vidole?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika hapa mara moja. Kazi yangu ni tiba ya viungo (fisio), hapa hapa Mombasa. Sitangazi kliniki, kwa hivyo msinifuate faragha kuuliza bei.

Shingo ina pingili 7, na juu yake kimekaa kichwa cha kilo 4.5 hadi 5. Pingili mbili za juu kabisa ndizo zifanyazo karibu nusu ya kazi ya kugeuka kushoto na kulia. Nyuma ya kila pingili pana viungo viwili vidogo, mbele pana diski kuanzia pingili ya pili kwenda chini, na katikati hutoka mishipa ya fahamu inayoshuka mpaka vidoleni. Kwa hivyo mtu akiniambia "shingo yaniuma", bado hajaniambia kitu. Mwongozo wa matabibu wa viungo wa Marekani, uliotoka 2008 na kurekebishwa 2017, umegawa maumivu haya mafungu manne: shingo iliyokaza tu, shingo iliyotikiswa kwa ajali, shingo inayopeleka maumivu kichwani, na shingo inayopeleka maumivu mkononi. Kila fungu lina mkono wake, yaani namna yake ya kutibiwa kwa mikono. Anayekupa mkono mmoja kwa mafungu yote manne anakubahatisha.

Nianze na ule tunaoujua Pwani kuliko wote, kukanda. Misuli inayoshuka kutoka kisogoni hadi begani hujaa vifundo, na ukikibonyeza kimoja, maumivu hayabaki pale, hupanda mpaka nyuma ya jicho. Janet Travell, aliyekuwa daktari wa Rais Kennedy wa Marekani, na mwenzake David Simons walichora ramani nzima ya vifundo hivyo: kifundo cha hapa hupeleka maumivu kule. Unabonyeza kwa kidole gumba mpaka mgonjwa aseme "hapo hapo", unatulia nusu dakika hadi dakika moja na nusu, mpaka maumivu yapungue chini ya kidole. Si kuponda. Mgonjwa akikunja uso na kubana pumzi, misuli imeanza kujihami na wewe umeshapita kiasi. Nafuu yake huja upesi na huondoka upesi. Waliokusanya tafiti za ukandaji wa shingo wamekuta ushahidi dhaifu, hasa kwa anayekandwa tu bila kufanya kitu kingine.

Wa pili ni kusukuma pingili taratibu, na huu ndio unaonilisha. Geoffrey Maitland wa Australia ndiye aliyeupanga kwa daraja 4. Mgonjwa analala kifudifudi, paji la uso juu ya mikono yake. Naweka vidole gumba viwili juu ya mfupa wa pingili, au kando yake kidogo, kisha nasukuma na kuachia, nasukuma na kuachia, kwa mdundo ulio sawa. Daraja la 1 na la 2 hazifiki mwisho wa pingili. Hizo ni za shingo yenye maumivu makali. La 3 na la 4 hufika mwisho kabisa, za shingo iliyokaza kuliko inavyouma. Asiyejua tofauti hii humpa mwenye maumivu makali daraja la 4, na usiku mgonjwa halali.

Wa tatu ni wa Brian Mulligan, wa New Zealand. Hapa mgonjwa halali. Anakaa kitini, mimi nashikilia pingili na kuiteleza juu na mbele kufuata mwelekeo wa macho yake, na wakati huo huo yeye mwenyewe anageuza shingo upande uliokuwa haupiti. Sharti lake ni gumu: pasiwe na maumivu hata kidogo. Yakitokea, nimeshika pingili siyo, au nasukuma siko. Ikiwa ndiyo yenyewe, mtu anageuka pale pale na kucheka. Mimi ndio ninaoupenda kuliko yote, maana mgonjwa anajitengeneza mwenyewe nami namsaidia tu.

Kualisha, ule msukumo wa ghafla unaoliza kiungo, na kuvuta nitazieleza chini. Najua zitazua maneno.

---

KreniKilindini

Fisio, umenigusa. Mimi naendesha kreni ya makontena bandarini. Watu hudhani kazi yetu ni kuangalia juu, kumbe ni kuangalia chini. Unakaa kwenye kibanda juu kabisa, sakafu yake ni kioo, nawe umeinama mbele ukiangalia kati ya magoti yako kontena linashuka wapi. Zamu nzima. Nikishuka, kuangalia juu siwezi. Juzi msikitini kutoa salamu upande wa kulia shingo ikagoma njiani.

Hakuna ganzi, hakuna kizunguzungu. Imekaza tu kama bawaba yenye kutu. Mimi ni wa mkono gani?

---

MamaCherehani

Mwanangu, maneno yako mazuri lakini mimi nina Bi mkandaji wangu Kibokoni, na mafuta yake ya ufuta yaliyotiwa karafuu. Anaanza mabegani, anapanda kisogoni, anamaliza nyuma ya masikio. Wallahi nikitoka pale nahisi nimezaliwa upya. Kasoro ni kwamba siku mbili tatu ikifika harusi na mshono umejaa, shingo inarudi pale pale. Sasa huyo Bi ana makosa gani?

---

MikonoYaPwani

Mamangu, Bi hana makosa hata kidogo. Mafuta yanapunguza msuguano, ujoto unalegeza, na mikono ya mtu unayemwamini inatuliza fahamu zenyewe. Hilo si jambo dogo na sitalidharau, wala sitaki umwache. Ila yeye anakulegeza, kisha wewe unarudi kwenye cherehani, kichwa mbele, kidevu kimechomoka, macho kwenye sindano. Misuli midogo iliyo ndani kabisa mbele ya shingo, nyuma ya koo, imezembea, ile ya nyuma inabeba kichwa peke yake. Bi hawezi kukufikia huko mbele. Ni wewe tu.

Fanya hivi usiku kabla ya kulala. Lala chali, mto mwembamba. Itikia "ndiyo" kwa kidevu, kidogo sana, bila kunyanyua kichwa. Ukihisi misuli minene ya kando ya shingo imetuna, umetumia nguvu nyingi. Shikilia sekunde 10, achia, rudia mpaka mara 10. Ni zoezi la kuchosha akili kuliko mwili, na watu wengi huliacha kwa sababu wanaona halifanyi kitu.

@KreniKilindini ndugu yangu, kwa maelezo yako wewe ni fungu la kukaza. Kwako daraja la 3 na la 4, na mkono wa Mulligan wa kuangalia juu. Huu wa mwisho unaweza kujifanyia nyumbani ukishaonyeshwa na fisio mara moja. Kunja taulo dogo au leso, ukingo wake uweke juu ya pingili inayoshika. Shika ncha mbili mbele ya uso, vuta kuelekea usawa wa macho, na huku unavuta, inua uso polepole uangalie dari. Taulo linafuata kichwa, halibaki nyuma. Shusha uso kwanza, kisha ndipo uachie taulo. Likiuma acha, sogeza ukingo juu au chini kidogo. Lisipokubali kabisa, liache.

Na kwa ile salamu ya kulia, jaribu kukaza na kulegeza. Geuka kulia mpaka mahali inapogomea. Weka kiganja cha kushoto kwenye shavu la kushoto, kisha jaribu kugeuka kushoto dhidi ya kiganja chako, kwa nguvu ndogo, kama moja ya tano ya uwezo wako. Sekunde 5 hadi 7. Vuta pumzi, toa, legeza kabisa, halafu geuka kulia tena. Utaona inaingia kidogo zaidi. Mara tatu au nne inatosha. Mbinu hii asili yake ni kwa Fred Mitchell, osteopathi (tabibu wa mifupa na misuli kwa mikono) wa Marekani, na uzuri wake ni kwamba nguvu ni ya mgonjwa mwenyewe, kwa hivyo ni vigumu kujiumiza.

---

Kijana_wa_Tudor

Ami, mimi kinyozi wangu akimaliza kunyoa anakandakanda mabega, halafu anashika kidevu na kisogo, KWAA kushoto, KWAA kulia. Raha yake usiniambie. Ni bure tena, iko ndani ya bei ya kunyoa 😂 Kwani shida iko wapi?

---

TausiMajengo

Mazee hata mimi. Ule mlio ni mfupa unarudi mahali pake, si ndio?

---

MikonoYaPwani

Sio. Hakuna mfupa uliokuwa umetoka. Pingili ya shingo ikitoka mahali pake kweli, uko hospitali umefungwa kola, huko kinyozini hukufika. Mlio ni wa gesi. Ndani ya kiungo pana ute, na ute una gesi iliyoyeyuka. Nyuso mbili za kiungo zikitenganishwa ghafla, shinikizo linashuka na uwazi wa gesi unatokea. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipiga video ya MRI (mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili) ya vidole vikialishwa wakaona uwazi ule ukitokea wakati wa mlio. Na ndiyo maana ukishaalisha kidole huwezi kukialisha tena papo hapo.

Raha unayoisikia ni ya kweli. Misuli hulegea kwa muda na maumivu hufifia. Nisichokikubali ni huyo kinyozi. Ndani ya matundu ya pingili 6 za juu hupita mshipa wa damu, mmoja kila upande, unaokwenda nyuma ya ubongo. Juu karibu na kisogo mshipa huo unakata kona kadhaa, na ukigeuza kichwa hadi mwisho kisha ukakipiga msukumo wa ghafla, kona hizo ndizo zinazovutwa. Ukuta wa ndani ukichanika, damu huganda, na kiharusi kinaweza kumpata hata kijana. Hutokea kwa nadra sana, wala sitaki kuwatia hofu. Lakini mtu mwenye leseni, kabla ya kugusa, anakuuliza: una kizunguzungu? Unaona vitu viwili viwili? Ulimi mzito? Kumeza shida? Umewahi kuanguka ghafla miguu ikakosa nguvu? Una presha? Umeanza kuumwa na kichwa namna usiyoijua? Kinyozi wako alikuuliza nini zaidi ya "nikupige namba ngapi?"

Ikiwa kualisha kungeponya haraka mno ningesema haya, kuna hatari ndogo na faida kubwa. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti wa Australia: watu 182 wenye maumivu mapya ya shingo, nusu wakaalishwa, nusu wakasukumwa taratibu. Mtu wa katikati katika walioalishwa alipona kwa siku 47, katika waliosukumwa kwa siku 43. Tofauti hiyo kitakwimu si kitu. Sasa kama safari inafika wakati ule ule, kwa nini nipite njia yenye korongo?

---

PingiliSaba

Mwenzangu nakuheshimu lakini hapo umeegemea upande. Mimi pia niko kwenye fani. Umechukua kinyozi ukamfanya mfano wa kualisha kote. Mikononi mwa mtu aliyesomea, msukumo ni mfupi na mwepesi, kichwa hakigeuzwi hadi mwisho, na mgonjwa amechujwa. Utafiti wa Minnesota, Marekani, wa 2012, watu 272, wiki 12: walioalishwa walipata nafuu kuliko waliopewa dawa. Mbona hukuutaja?

Na umesahau mgongo wa juu. Ukimwalisha mtu kati ya mabega, sio shingoni kabisa, shingo inapata nafuu na mshipa ule wa damu hujaukaribia. Mimi kwa shingo yenye maumivu makali ambayo haivumilii hata kidole, huanza huko.

---

MikonoYaPwani

La mgongo wa juu nakubali mia kwa mia, na nalifanya. Mgonjwa anakumbatia mabega yake mwenyewe, analala chali juu ya ngumi yangu, anatoa pumzi, namwangukia kidogo. Hiyo sina ugomvi nayo, isipokuwa kwa wazee wenye mifupa dhaifu.

Ule utafiti wa Minnesota umeusoma nusu. Kundi la tatu lilikuwa la mazoezi ya nyumbani. Watu walifundishwa, wakaenda kwao wakafanya wenyewe. Matokeo yao yalilingana na ya walioalishwa. Wewe unasoma pale "kualisha kumeshinda dawa", mimi nasoma "mtu na zoezi lake sebuleni amelingana na kualisha".

Kisha kuna wa Uholanzi wa 2002, watu 183. Baada ya wiki 7, waliosema wamepona kabisa au wamepata nafuu kubwa: 68 kwa mia waliotibiwa kwa mikono, 51 kwa mia waliopewa mazoezi na fisio wa kawaida, 36 kwa mia waliobaki kwa daktari wao wa kila siku. Na mikono ile ilikuwa ya kusukuma taratibu, haikuwa ya kualisha.

---

PingiliSaba

Haya, tukubaliane kutokubaliana kwa shingo ya juu. Lakini niruhusu niongeze fungu la kichwa maana umelipitia mbio.

Kuna watu wanameza dawa za kipandauso miaka na miaka, kumbe maumivu yanatoka shingoni. Dalili zake: upande mmoja, unaanzia kisogoni, unapanda mpaka juu ya jicho, na ukigeuza shingo au ukikaa vibaya unaamka. Sababu yake ni kwamba mishipa ya fahamu ya pingili 3 za juu inaingia mahali pamoja na mshipa unaobeba hisia za uso, pale shina la ubongo linapokutana na uti wa mgongo, ubongo unashindwa kujua habari imetoka kwa nani. Hapo mimi huanza na vidole nane chini ya fupa la kisogo. Mgonjwa amelala chali, kichwa chake chote kimelalia ncha za vidole vyangu, wala sisukumi. Nangoja tu. Misuli midogo ya pale ikichoka kushindana, kichwa kinazama chenyewe viganjani. Mtu mwenye haraka hawezi kazi hii.

Na Gwendolen Jull wa Australia alishaonyesha mwaka 2002, kwa watu 200 wenye kichwa cha namna hii: mikono ilisaidia, lile zoezi la kuitikia "ndiyo" lilisaidia, na nafuu ikadumu mpaka mwaka mzima.

---

MikonoYaPwani

Hapo umenena, sina la kuongeza.

---

TukTuk_Bamburi

Kaka habari. Mimi yangu haiko shingoni sana. Yaanzia hapa shingoni kushoto, yateremka begani, nje ya mkono, mpaka kidole gumba. Gumba lina ganzi, kama nimelilalia. Usiku ni balaa. Kitu cha ajabu, nikiweka mkono juu ya kichwa kama mtu aliyefiwa, yatulia. Abiria wanicheka. Nimeshaenda kukandwa mara nyingi, mara ya mwisho aliniinamisha shingo upande akakandamiza, nikaona nyota.

---

MikonoYaPwani

Kaka, umejieleza vizuri kuliko barua nyingi za rufaa ninazozipokea. Mkono kichwani unapunguza mvuto kwenye mshipa wa fahamu, ndio maana unatulia. Ganzi ya gumba huelekeza kwenye mshipa wa 6 wa shingo. Ingekuwa kidole cha kati ningesema wa 7, kidole cha mwisho wa 8. Na yule aliyekuinamisha upande akakandamiza alifinya tundu lile lile ambalo mshipa unapita. Sisi tunafanya hivyo mara moja tu, kidogo, kama kipimo. Hakuna anayefanya kama tiba.

Kwako wewe kukanda ni cha mwisho. Cha kwanza ni kuvuta. Unalala chali, mkono mmoja chini ya kisogo, mwingine chini ya kidevu bila kukibana, shingo imeinama mbele kidogo, navuta polepole kuelekea kwangu, nashikilia, naachia polepole vile vile. Ukiniambia gumba limeanza kupata hisia wakati nimevuta, tumepata njia. Kisha pingili inasukumwa kutoka upande, mkono ukiwa umewekwa mahali usipouma. Pamoja na mgongo wa juu alioutaja mwenzangu.

Lakini kabla ya yote hayo nijibu: unaangusha vitu? Kifungo cha shati chakushinda? Miguu mizito, watembea kama mlevi? Mkojo au choo umebadilika? Hata moja ikiwa ndiyo, usije kwangu wala kwa mtu yeyote wa mikono. Nenda hospitali leo, uti wenyewe unaweza kuwa unabanwa.

---

TukTuk_Bamburi

Hapana kaka, alhamdulillahi. Ni ganzi na maumivu tu. Nguvu ipo.

---

BintiWaLikoni

Samahani naingilia. Babangu ana miaka 68, jana boda iliwaangusha. Hakuvunjika, lakini shingo leo haigeuki. Mamangu ashachemsha maji na kuleta mafuta, jirani yuko njiani kuja kumchua. Nisome uzi huu nimwambie afanye lipi kati ya hayo?

---

MikonoYaPwani

Mwanangu, hakuna. Mzuie jirani mlangoni, mpe chai. Asiguswe shingo.

Kuna kanuni ya Kanada, ya 2001, inayotumiwa duniani kote kwa shingo zilizopata ajali. Umri wa miaka 65 kwenda juu peke yake unatosha mtu kupigwa picha kabla ya kuguswa. Ajali ya kasi inatosha. Kuwashwa au ganzi mikononi inatosha. Babako hata hilo la kwanza tu limemfikisha. Asigeuzegeuze shingo kujaribu. Mpelekeni Makadara au hospitali yoyote yenye eksirei, kwa gari, amelala au ameegemea, sio kwa boda tena. Ikitoka picha nzuri, ndipo tuzungumze mikono, na hata hapo tutaanza na daraja la 1.

---

BintiWaLikoni

Tuko feri tayari. Shukran.

---

MamaCherehani

Allah amponye babako mwanangu. Utuletee habari.

---

MikonoYaPwani

Nimekumbushwa na huyu binti, niyaseme na mengine ambayo mkono hauingii. Shingo ngumu pamoja na homa na mwanga kuumiza macho: hiyo huenda ni homa ya uti wa mgongo, ni dharura, usipake chochote. Maumivu yasiyobadilika ukilala wala ukikaa, jasho la usiku, kupungua uzito, kikohozi kisichokwisha: kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye pingili, na hapa kwetu bado kipo. Mwenye saratani aliyeanza kuumwa shingo. Mwenye baridi yabisi ya muda mrefu, maana pingili mbili za juu zaweza kuwa zimelegea. Na maumivu mapya makali ya shingo na kichwa upande mmoja ambayo hujawahi kuyasikia maishani: usimpe mtu yeyote aisukume.

---

Hamali_Mstaafu

Mimi nimebeba magunia Marikiti mpaka nimezeeka. Dawa yetu ilikuwa kuumikwa. Naona sasa yaitwa hijama na vijana wanapiga picha. Mbona fisio huitaji?

---

MikonoYaPwani

Mzee wangu shikamoo. Sikuitaja kwa kuwa uzi ni wa mikono, na kuumika si fani yangu. Kikombe kinavuta ngozi na nyama, pingili hakiisogezi. Wapo wagonjwa wangu wanaofanya vyote viwili na sigombani nao. Wembe uwe mpya mbele ya macho yako, na unayetumia dawa za kuzuia damu kuganda usichanjwe.

---

NyaliMchana

Mimi lalamiko langu ni jingine. Nilikwenda kliniki moja, jina silitaji. Nikalazwa, nikafunikwa taulo la moto, nikabandikwa waya za mashine inayotekenya, mtu akatoka nje kuongea na simu. Dakika ishirini. Akarudi, akatoa waya, "tuonane Alhamisi". Hakuna aliyenigusa shingo. Hivi ndiyo tiba yenyewe?

---

PingiliSaba

Hiyo ni kupasha chakula moto, dada. Ujoto na mashine ni vya kutuliza kabla ya kazi, kazi yenyewe haijaanza. Siku ya kwanza mtu anatakiwa akuulize, akupime unageuka kiasi gani kila upande, apapase pingili moja moja, akutibu, halafu akupime tena pale pale. Kama kugeuka hakukubadilika hata kidogo, abadilishe mkono.

Na mna haki ya kuuliza leseni. Tangu sheria ya 2014 tuna Baraza la Matabibu wa Viungo, kila fisio lazima asajiliwe nalo. Mtu akikasirika kwa kuulizwa, chukua viatu vyako.

---

KreniKilindini

Fisio nimerudi. Nilionyeshwa lile la taulo na mwenzako mmoja huku Changamwe, nimelifanya. Salamu ya kulia imekubali kabisa. Kuangalia juu bado, inafika nusu. Na nikimaliza zamu ya usiku inakuwa mbaya upya.

---

MikonoYaPwani

Nusu ni nzuri, usiilazimishe. Kwa kreni, mkono wangu wowote ule hautashinda saa zile umeinama. Kila kontena likishashuka, kabla ya kufuata jingine, kaa wima, rudisha kidevu nyuma kama unayetengeneza kidevu cha pili, sekunde mbili, basi. Hilo ni la Robin McKenzie, wa New Zealand pia. Na muulize msimamizi kama kiti chako kinaweza kuinama pamoja nawe mbele ili mgongo wote uiname, isiwe shingo peke yake.

---

BintiWaLikoni

Picha imetoka, hakuna mvunjiko. Amepewa dawa na ameambiwa arudi kliniki. Jirani bado ananuna.

---

MamaCherehani

Alhamdulillahi. Jirani mpelekee mahamri.

---

TukTuk_Bamburi

Kaka, nimeshavutwa shingo, na mwanamke tena, mikono yake midogo lakini inajua. Sasa maumivu ya mkono yamepanda, yako begani na shingoni tu, tena shingo yenyewe yauma kuliko mwanzo. Gumba bado lina ganzi kidogo. Nimeharibika?

---

MikonoYaPwani

La, hiyo ndiyo njia tunayoitaka. Maumivu yakitoka mkononi na kurudi shingoni, hata kama shingo itauma zaidi kwa siku chache, mshipa unaachiliwa. Ganzi huwa ya mwisho kuondoka. Yakigeuka kuteremka tena kuelekea kidoleni, acha zoezi ulilokuwa unafanya na mwambie huyo dada kabla hajakuvuta tena.

Na vioo vya pembeni vya tuktuk virekebishe leo, vyote viwili, usiwe unatoa shingo nje kuangalia matatu.

---

TukTuk_Bamburi

Cha kushoto kilishavunjwa na matatu 😂 Nitanunua.